Tembe la Mpangaji
Anayetoka Igunga kwenda Tabora hupitia Nzega kwa lami, kisha mjini hukodi bodaboda hadi Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Huko lipo tembe: nyumba ya udongo yenye paa bapa, ua katikati na mlango wa mbao wenye nakshi za pwani. Mwandishi wa habari Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta mmisionari Livingstone. Mwaka uliofuata alirudi na Livingstone, aliyebaki hapo hadi Agosti. Jengo la sasa limejengwa upya, jambo lisilomsumbua mgeni, kwani kuta za udongo ndivyo zilivyo. Boma la Wajerumani mjini ni imara zaidi, ila limo mikononi mwa jeshi na kamera haikaribishwi. Njia ya misafara iliyopita Kwihara ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Kila mmoja alibeba kilo 30 hivi, na Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ilikuwa safari ya miezi mitatu au zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na historia ya Kwihara imeuona hivyo hivyo. Kuliita tembe la Livingstone ni kumsifu mpangaji kwa jasho la wenye nyumba. Tangu 2006 njia hiyo, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, imo katika orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa UNESCO, Kwihara ikiwa kituo kimojawapo.