‘Mama, begi la kaka lina moto’

Chukulia ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, safari ya kama saa moja na nusu. Mama amekaa upande wa korido, binti yake wa miaka saba katikati, kijana wake wa miaka 12 dirishani. Shule zimefungwa, wanakwenda kwa bibi. Kijana ana tableti, na ndani ya begi lake kuna pawabanki, ile betri ya akiba ya kuchajia simu, aliyoazima kwa binamu yake bila kumwambia mama.

Ndege imeshanyooka juu. Kijana anahisi joto miguuni. Anainama, anagusa begi, anarudisha mkono haraka. Analisukuma kwa mguu mpaka chini kabisa ya kiti cha mbele, kisha anageukia dirishani na kuangalia mawingu.

Kwa nini hasemi? Kwa sababu wiki iliyopita alidondosha simu ya baba yake, kioo kikapasuka, na maneno aliyoambiwa siku ile bado anayo kichwani. “Ukiharibu kitu kingine humu ndani utanitambua.” Mtoto wa miaka 12 anajua kupiga hesabu. Akisema, atagombezwa hapo hapo mbele za watu. Akinyamaza, huenda begi likapoa lenyewe.

Halipoi. Betri za simu, tableti na pawabanki huwa za lithiamu, na betri ya aina hii ikiwa na hitilafu ndani inaweza kuanza kujipasha joto yenyewe. Hitilafu inaweza kutokana na kudondoshwa, kubanwa, kulowa, au kutengenezwa vibaya tangu kiwandani. Joto huzaa joto zaidi. Ndani ya pawabanki mara nyingi mna betri ndogo kadhaa zilizopangwa pamoja, kwa hiyo moja ikiharibika huipasha jirani yake. Huvimba, hutoa moshi mkali wenye sumu, kisha huwaka. Kuchomoa waya ni jambo jema, ila mambo yakishaanza ndani ya betri, waya hauna tena la kusema.

Anayeokoa hali ni yule binti. “Mama, begi la kaka lina moto.”

Mama anainama. Kuna harufu ya plastiki inayoungua, imechanganyika na kitu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wazazi wengi hapa wangelivuta begi mapajani na kufungua zipu, kwa sababu mkono wa mzazi umezoea kutangulia. Huyu hafanyi hivyo. Anabonyeza kitufe cha kumwita mhudumu, na hasubiri kitufe kifanye kazi: “Dada! Dada, njoo hapa, kuna kitu kinaungua!”

Abiria wengi humjua mhudumu wa ndege kama mtu wa soda na karanga. Lakini kabla hajaruhusiwa kusukuma lile toroli, amefundishwa kuzima moto kwa mikono yake, na mafunzo hayo hurudiwa mara kwa mara. Ndiyo maana kinachofuata hakina kelele nyingi.

Kazi inagawanywa papo hapo. Anayefika kwanza ndiye mzimaji. Wa pili anachukua simu ya ndani na kumweleza rubani: ni kiti gani, ni moshi au miali, rangi yake ipi, nini kimeshafanyika. Wa tatu analeta vifaa: mtungi mwingine wa kuzimia moto, glavu nene, kofia maalumu inayofunika kichwa kizima na yenye hewa yake, na maji mengi. Familia inahamishwa viti, pamoja na waliokaa jirani. Umeme wa soketi za kwenye viti unakatwa.

Kukiwa na miali, mtungi hutangulia. Lakini mtungi unaua miali tu, haupoozi betri, na betri iliyobaki na joto inaweza kuwaka tena baada ya dakika chache. Kwa hiyo yanafuata maji. Watu hushtuka wakiona maji yanamwagwa kwenye kitu cha umeme, lakini kwa betri hizi ndogo ndiyo dawa yenyewe. Maji yakiisha humwagwa juisi au soda, chochote kisicho na kilevi. Barafu haiwekwi na blanketi halifunikwi, maana vyote viwili hulifungia joto ndani. Na hakuna anayeinyanyua ile betri ikiwa bado inafuka, kwa sababu inaweza kumlipukia mkononi. Inaachwa pale pale mpaka itulie kabisa, ndipo inatumbukizwa kwenye chombo chenye maji, na mhudumu mmoja anaikalia macho mpaka ndege itue. Baadhi ya mashirika yana mifuko maalumu ya kuihifadhia.

Mbele huko, marubani wakisikia neno moshi huvaa barakoa zao na kuanza kutafuta uwanja wa karibu, hata kama si ule ulioandikwa kwenye tiketi. Abiria hushangaa kwa nini barakoa zao za oksijeni hazidondoki. Zile ni za siku ambayo hewa imepungua ndani ya ndege. Huchanganya oksijeni na hewa ya pale pale, kwa hiyo moshi ungevutwa vilevile, na oksijeni ya ziada si rafiki wa moto. Mtoto afundishwe kuinama chini na kufunika pua na mdomo kwa kitambaa, ikiwezekana kilicholowa. Kanga ya mama inatosha.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini vitu hivi visiwekwe kwenye mizigo ya chini, vikawa mbali na watoto. Jibu liko katika yale aliyoyafanya yule mhudumu. Chini kwenye mizigo hakuna anayefika. Moto wa betri unaoanza kwenye kiti huonekana, hunuswa na humwagiwa maji. Unaoanza ndani ya sanduku lililozikwa chini ya masanduku mengine hauna wa kumwita. Ndiyo sababu pawabanki na betri za akiba ni marufuku kwenye mizigo inayokabidhiwa kaunta, hubebwa na abiria mwenyewe.

Hapo kuna mtego mmoja ambao familia nyingi huukanyaga. Ndege ikijaa, wafanyakazi huchukua mabegi ya mkononi mlangoni na kuyapeleka chini. Mama ana mtoto mgongoni, pasi za kusafiria mdomoni, anashukuru kupunguziwa mzigo, na pawabanki inaondoka na begi. Iondolewe kwanza.

Ukubwa nao una kikomo. Betri isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida hukubaliwa. Kati ya 100 na 160 huhitaji ruhusa ya shirika. Zaidi ya hapo haipandi. Kama kimeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: pawabanki ya 20,000 ni wati-saa 74, ya 30,000 ni 111. Zile za mtaani zilizoandikwa namba za kutisha kwa bei ya chipsi mayai ni heri zibaki nyumbani, na kusema kweli hata nyumbani zisilale chini ya mto wa mtoto.

Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan yenye watu 176 ilishika moto kwenye uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, ikijiandaa kwenda Hong Kong. Moto ulianzia kwenye kabati la mizigo juu ya viti, upande wa nyuma. Abiria na wahudumu walitoka kwa mitelezo ya dharura, wote wakiwa hai, na sehemu kubwa ya paa la ndege ikaungua. Wachunguzi walisema baadaye kwamba huenda chanzo kilikuwa pawabanki iliyoharibika ndani. Ndege ilikuwa bado ardhini. Hilo peke yake linatosha kumfanya mzazi ahamishe begi la mtoto kutoka kabatini, ambako hakuna anayeona moshi unapoanza, na kuliweka miguuni.

Tangu hapo masharti yamebana. Korea Kusini ilizuia pawabanki kuwekwa kwenye makabati hayo kuanzia 1 Machi 2025. Singapore Airlines ilizuia kuzitumia ndani ya ndege kuanzia 1 Aprili mwaka huo, na Emirates, ambayo familia nyingi za Dar es Salaam na Nairobi huipanda, kuanzia 1 Oktoba: unabeba moja isiyofikia wati-saa 100, huichaji na huitumii kuchajia kitu. Kijana anayetegemea pawabanki kwa saa tano za katuni aambiwe mapema, asije akaichomeka kwa siri chini ya blanketi.

Simu ikizama katikati ya kiti, hali ni ile ile. Usisogeze kiti, usipeleke mkono, mwite mhudumu. Kiti kinachokunjuka kinaweza kuibana simu na kuivunja betri.

Na amri ikitoka ya kuondoka, begi libaki. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ikawaka. Watu watano wa ile ndege ndogo walifariki. Ndani ya ndege kubwa walikuwamo 379, wakiwamo watoto wadogo wanane, na wote walitoka. Mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa, wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Abiria waliacha mizigo yao.

Yule mama wa Mwanza hakuwa na ujuzi wowote wa wahudumu wale. Alichokuwa nacho ni binti asiyeogopa kusema. Kijana wake alikuwa ameona tatizo dakika kadhaa kabla, na dakika hizo zililiwa na hofu ya kugombezwa. Hasira ya mzazi ina mahali pake, lakini si juu ya mawingu. Usiku wa kufunga mizigo, kaeni kitandani mkamwage mabegi yote, kila betri ionekane, hata ya kuazima. Kisha mtoto aambiwe kwa maneno mafupi: ukihisi kitu kina joto, kimevimba au kinanuka, sema hapo hapo, na hutagombezwa. Akija kusema kweli, ahadi hiyo itimizwe, ingawa ulimi utawasha.

Ndege ilitua Mwanza, magari ya zimamoto yakiwa yamejipanga pembeni. Kijana alikuwa amelowa jasho. Alipofika kwenye ngazi alimwambia mama yake, akiangalia chini, kwamba ile pawabanki ilikuwa ya binamu.

“Najua,” mama alisema. “Tutamweleza pamoja.”

Binti alikuwa na lake. Mhudumu alikuwa amemwaga juisi yake kwenye begi la kaka, na hakuna aliyemwambia kama ataletewa nyingine.