Kiambishi Hu- na Ngazi ya Kiingereza

Mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Nyali, sawa na mwenzake wa Kisauni au Likoni, hufundishwa mapema orodha ya maneno sita ya Kiingereza: always, usually, often, sometimes, rarely, never. Huchorewa ubaoni mfano wa ngazi, kidato cha juu kikiwa mia kwa mia na cha chini sufuri. Huambiwa pia kwamba neno la aina hiyo hukaa baina ya mtenda na kitenzi, isipokuwa pale kitenzi kinapokuwa kile cha "kuwa", ambapo hulifuata. Ni somo zuri, na katika lugha ile halina budi. Kiingereza hakina kiambishi cha mazoea. Umbo lao la wakati uliopo hubeba mazoea pamoja na mizigo mingine mingi, ndiyo maana msemaji huegemea kielezi ili aeleweke.

Tatizo, kwa maoni yangu, huzuka mwanafunzi huyo anapogeukia insha ya Kiswahili akiwa bado ameibeba ngazi ile mgongoni. Hapo ndipo tunaposoma sentensi kama hii: "Mimi kila mara kwa kawaida huwa ninaenda Kongowea kununua mboga." Wapagazi watatu wameitwa kubeba kikapu kimoja. "Kila mara", "kwa kawaida" na "huwa" yote yanasema jambo ambalo kiambishi hu- peke yake kingalilisema, na juu ya hayo "kila mara" na "kwa kawaida" hayapatani, kwa kuwa la kwanza halikubali kosa na la pili linalikubali. Mzee wa Kimvita angalisema, "Mimi mboga hununua Kongowea," akanyamaza. Hakupungukiwa na chochote.

Sidai kwamba kosa hili ni la watoto tu. Limo katika tasnifu zetu, katika matangazo ya redio na katika barua rasmi. Tena limepewa baraka na desturi yetu ya kuipamba insha: wapo walimu wanaohesabu vielezi kama mtu anayehesabu shanga, na sentensi iliyo wazi huonekana kwao kuwa ni uchi.

Tukirejea kwenye sarufi yenyewe, hu- ni kiambishi cha ajabu kidogo. Hakiambatani na kiambishi cha nafsi: mimi husoma, wewe husoma, wao husoma. Hakifungamani na saa wala siku. Ndiyo sababu methali zetu hukipenda. Tunasema "haba na haba hujaza kibaba," na hakuna aliyewahi kuona haja ya kutia "daima" mle ndani. Akiitia, methali inakufa mikononi mwake. Kadhalika hu- haina umbo lake la ukanushi. Kinyume cha "hunywa kahawa" ni "hanywi kahawa", na maneno hayo mawili tayari yanatosha kumweleza mtu asiyeigusa kahawa maisha yake yote. "Kamwe", "katu", "asilani" na "abadani" huja kutilia mkazo tu. Maana imo ndani ya kitenzi kabla hayajafika. Kiingereza kina mwendo mwingine: never ndilo linalokanusha, na kitenzi chake hubaki katika hali ya kukubali. Basi mwanafunzi anayepima kwa kipimo hicho huandika, "Yeye kamwe huchelewa," akidhani amemsifu mtu.

Lakini hazina kubwa zaidi haimo katika hu-. Imo katika vitenzi vya kawaida ambavyo wasemaji wa pwani huvitumia kupimia marudio pasipo kugusa kielezi hata kimoja. Mtu ambaye kila siku yumo msikitini alfajiri, "hakosi alfajiri." Anayelalamika asubuhi na jioni "haishi kulalamika." Mwenye hasira za karibu "hachelewi kukasirika." Kijana asiyetoka barazani "anashinda barazani," na mama mwenye mgonjwa "anakesha." Jambo lisilowahi kutokea, "sijapata kuliona." Hata rarely, ambalo wengi hulitafsiri kwa "mara chache sana", lina kitenzi chake: ukikutana na rafiki aliyekatika njia kwa miezi miwili utamwambia "umeadimika," au "umepotea," na atajua mara moja kwamba unampimia idadi ya siku na kumlaumu kwa pigo moja. Kielezi gani cha ngazi ile kinaweza kulaumu?

Ni hazina hii ninayoihofia. Mwanafunzi akishazoea kwamba marudio ni kazi ya kielezi, vitenzi hivi huachiwa wazee na waigizaji wa vichekesho, na sisi wasomi tunabaki na "mara kwa mara", tunayoitia kila mahali kama chumvi.

Atatokea wa kunijibu kwamba "daima", "aghalabu" na "nadra" nayo yalitoka ng'ambo, kwa Waarabu. Ni kweli, na "mara" pia. Sina ugomvi na asili ya neno. Maneno hayo yalipofika yalikubali kukaa walikoelekezwa na sentensi ya Kiswahili; ninachokipinga ni sentensi ya Kiswahili kulazimishwa ikae anakoelekeza mgeni.

Jibu la pili ni zito zaidi nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Hu- hueleza mazoea, haihesabu. Ukiandika "mahakama hukaa Jumatatu," hujasema iwapo inaruhusiwa kuacha kukaa Jumatatu moja. Tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, waandishi wa sheria na wa sayansi wanahitaji viwango vinavyopimika, na hapo kielezi ni haki yake kutumika. (Tusisahau kwamba "huenda", lililokuwa mazoea ya kwenda, leo ni neno la shaka, mwanasheria asiliamini hata kidogo.) Rai yangu ni kwamba kielezi kiitwe pale hesabu inapotakikana, na mazoea yaachiwe kitenzi.

Na pale hesabu inapotakikana, tusikubali tafsiri ya neno kwa neno, kwani hapo gharama yake si alama za insha tena. Tazama bahasha za dawa. Maelezo yaliyozoeleka, hapa na Tanzania, ni "kutwa mara tatu". Kwa mjuzi wa lugha, kutwa ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Ndiyo maana husema "kutwa kucha" anapotaka usiku uingie. Anayeyafuata maneno hayo kwa uaminifu atameza vidonge vitatu kabla ya magharibi kisha alale usiku kucha bila dawa, ilhali dawa nyingi za kuua bakteria, amoksilini ikiwemo, hukusudiwa kupishana kwa saa nane usiku na mchana. Mfamasia akitaka kulirekebisha hilo akaandika "kila saa nane", amezidisha utata, kwani saa nane kwetu ni wakati maalumu wa mchana, baada ya adhuhuri, na mgonjwa anaweza kuelewa kwamba dawa ni moja kwa siku, saa hiyo. "Meza mara moja" nayo ina maana mbili: kimoja tu, au sasa hivi.

Hii ni kazi ya idara za Kiswahili, wala si ya wafamasia peke yao. Wanaochukua kozi za tafsiri katika vyuo vyetu wangeweza kuanzia kwenye bahasha hiyo ndogo kabla ya kukimbilia riwaya. Wataona kwamba hakuna "mara" yoyote inayohitajika. Kinachotakiwa ni saa zenyewe: kidonge kimoja saa 12 asubuhi, kimoja saa 8 mchana, kimoja saa 4 usiku.