Mwalimu wa hisabati kati ya kompyuta ya chuo na simu yake

Msikilizaji, huenda kwako yupo aliyepata F ya Hisabati kidato cha nne. Nchini Tanzania somo hilo huangusha wengi kila mwaka. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, inasisitiza TEHAMA katika ufundishaji, na vyuo vya ualimu vya serikali vimepelekewa kompyuta.

Chukua programu ya bure ya GeoGebra, iliyoanzia Austria mwaka 2001. Ukibadilisha namba moja kwenye mlinganyo, mstari wa grafu unainuka au unalala papo hapo. Mwanachuo anauona mteremko kwa macho.

Shida inaanza akiajiriwa. Anapangiwa shule ya kata isiyo na kompyuta, darasa limefurika, na wanafunzi simu hawaruhusiwi. Imebaki simu yake. Programu ikishapakuliwa hufanya kazi hata bila bando, lakini kuliambia darasa likisie mstari utakwenda wapi, kisha kuuchora ubaoni, ni ufundi wa kufundishwa. Kwa maoni yetu, slaidi za kupendeza haziupimi. Mkufunzi anayekagua mazoezi ya kufundisha amwambie mwanachuo: hii simu moja, ule ubao, anza.