Jembe na Mpini Wake

Wako watu wasemao kwamba mchagua jembe si mkulima, na methali hiyo hunitupia kila nitajapo habari ya kuikalisha bunduki vizuri katika mti wake. Wanataka kusema kwamba mwindaji hodari hupiga kwa bunduki yoyote, na kwamba mzee akeshaye mezani na patasi na gundi anatafuta kisingizio. Methali naikubali, ila naona wameisoma nusu. Hakuna mkulima aendaye shambani na jembe linalocheza katika mpini. Hugonga kabari kwanza. Nami sidai zaidi ya kabari.

Msomaji asiyewinda na aelewe hivi. Bunduki ya kuwindia ni chuma na mti, vilivyofungwa pamoja kwa skrubu chache, aghalabu mbili. Bunduki za mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, na nyingi zilizouiga, zina jino la chuma chini ya mtambo, karibu na skrubu ya mbele. Jino hilo huegemea mti na kupokea teke la risasi. Lisipoegemea sawasawa, chuma husogea kidogo kila mlio, wala hakirudi pale pale. Tena mti hunywa unyevu wakati wa masika ukavimba, kiangazi ukakauka na kujipinda, na ukiugusa mtutu upande mmoja huusukuma. Ndipo bunduki iliyopiga vema kiangazi hupotoka mvua zinapoanza, na mwenyewe akashuku kwamba amerogwa.

Kosa la sentimita 10 kwa mita 100 ni sentimita 20 kwa mita 200. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi. Mahali penye moyo na mapafu ya swala pala si papana kuliko sahani ya chakula. Risasi iliyokosa kwa kiasi hicho huingia tumboni au huvunja mguu. Uwindaji ulifungwa nchini mwaka 1973 ukafunguliwa tena mwaka 1978, nami tangu ulipofunguliwa nimesikia wawindaji wengi wakisimulia kwa kicheko nyati "aliyekimbia na risasi." Sioni cha kucheka. Nyati huyo huingia kichakani, na anayekutana naye kesho yake ni mama mkata kuni, au mtoto mchunga mbuzi, ambaye hakuwa na bunduki, wala leseni, wala hakutarajia kitoweo.

Wenye fedha hunijibu kwamba dawa ni darubini ya bei kubwa. Darubini hufungwa juu ya chuma kile kile kinachocheza! Itakuonyesha vizuri zaidi mnyama utakayemkosa.

Wengine, na hawa ndio wanaoniudhi, husema kwamba haifai mtu aliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu kuchonga mti kama seremala. Baadhi yao ni walimu wenzangu, waliokariri waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 neno kwa neno, na mpaka leo humwita kijana aje kuwakazia bawaba ya mlango.

Kazi yenyewe hukamilika kwa siku mbili za uvumilivu. Hakikisha kwanza, mara mbili, kwamba bunduki haina risasi. Isimamishe, weka kidole pale mti unapokutana na mtutu, kisha legeza skrubu ya mbele polepole. Ukihisi mtutu ukinyanyuka, ujue chuma kilikuwa kimekunjwa kwa nguvu ya skrubu. Pitisha ukanda wa karatasi kati ya mtutu na mti. Ukikwama, paparuze hapo. Wazee walipaka masizi ya koroboi chini ya chuma, wakakikalisha na kukitoa, wakapunguza kila palipochafuka, wakarudia hata weusi ukaenea sawa. Siku hizi tuna gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili. Toa mti kidogo, milimita mbili hivi, kuzunguka jino na chini ya mtambo, ujaze gundi, ukalishe chuma, uache hadi kesho. Lakini kabla ya hapo paka chuma chote nta ya viatu, hata nyuzi za skrubu, na ziba matundu kwa udongo wa kufinyangia. Bandika utepe mbele, pembeni na chini ya jino, ili liegemee kwa nyuma tu. Asiyepaka nta ataunganisha chuma na mti kwa ndoa isiyo na talaka.

Naweka mpaka hapa. Kifyatulio na mtutu visiguswe nyumbani. Hivyo ni vya fundi mwenye leseni. Wala kabari haiponyi mtutu uliolika, au mtu anayefumba macho anapofyatua. Yangu ilikuwa ikitawanya risasi tatu upana wa kiganja changu kwa mita 100. Baada ya kazi, katika uwanja wa shabaha, tatu zilikaa ndani ya upana wa kizibo cha chupa ya chai. Nikaiacha ipoe, nikapiga tatu nyingine, zikaangukia humo humo. Nikaja kuijaribu tena katikati ya masika, mti ukiwa umelowa hewa ya mvua, na haikuhama.