Polisi shuleni: nguvu ina mpaka wake

Mwanafunzi akimshikia mwenzake panga, polisi wana haki ya kumzuia kwa nguvu. Mafaqihi wamelieleza hilo katika mlango wa kumzuia mshambuliaji: huanzwa kwa njia nyepesi, naye akiacha, nguvu hukoma. Kinachobaki ni adhabu, na hiyo si kazi ya askari. Kanuni za mwaka 2002 zimempa mkuu wa shule viboko visivyozidi vinne, tena viandikwe kitabuni.

Oktoba 2019 Mkuu wa Mkoa wa Mbeya aliwacharaza wanafunzi wa Kiwanja, Chunya, Rais Magufuli akamsifu. Sisi hatuoni alizuia nini. Mabweni yalikwisha kuungua. Ndugu zetu wa Kilosa na Mikumi, mtoto akipigwa shuleni, ombeni kukiona kitabu hicho.