Tuacheni Kuuliza "Nani Anambeba Mwenzake?"

Leo sina umbea mrefu, nina la moyoni.

Juzi kati mastaa wetu wawili, mmoja anaimba na mwingine anachekesha (siwataji, mnawajua), walikuwa Marekani kwa shoo. Wakatupia klipu wakicheza raketiboli, wawili kwa wawili, jasho linawatiririka, vicheko tele. Nikashuka kwenye komenti. Hakuna aliyeulizia mchezo. Wote swali moja tu: "Hapo nani anambeba mwenzake?" Mchekeshaji akapigwa spana mpaka basi, eti anaishi kwa jina la mshikaji wake. Baada ya siku mbili klipu ikafutwa. Sasa hivi tunasikia hata salamu hakuna.

Nikasema ngoja niutafute huo mchezo, maana mimi mtoto wa Korogwe raketiboli nimeijulia ukubwani. Nikaangalia mechi za wanaume wawili wawili za mashindano ya dunia, ambayo yalianza mwaka 1981. Jamani! Mnafungiwa watu wanne ndani ya chumba cha urefu wa mita 12 na upana wa mita 6 tu, kila mtu na raketi yake mkononi. Mpira unaweza kugonga ukuta wa pembeni, hata dari, ilimradi ufike ukuta wa mbele kabla haujagusa sakafu. Unaenda kasi hatari. Mwenzako akiwa nyuma yako na wewe hujui yuko wapi, mnaumizana. Sasa humo ndani nani ana muda wa kumbeba mtu? Mmoja anafunika mbele, mwingine analinda nyuma, anayefunga pointi anaifungia timu. Na mkishinda, kila mmoja anavaa medali yake, ya rangi ileile.

Kwa nini limenigusa hivi? Nitasema ukweli, povu ruksa.

Nikiwa sekondari Korogwe nilicheza mpira wa meza. Mwenzangu alikuwa dogo mmoja wa Handeni, tulimwita Mzigua. Mkono wa kushoto, mpole, hana maneno. Mimi nilikuwa mtu wa smashi na mbwembwe, shule nzima inanishangilia. Kwenye mpira wa meza mkiwa wawili, sheria inawalazimisha kupokezana: nikipiga mimi, unaofuata lazima upigwe na yeye. Mzigua alikuwa anaurudisha taratibu tu, anauweka pembeni, mpinzani anahangaika, anaurudisha juu, halafu mimi namalizia kwa smashi. Makofi yangu!

Nikaanza kuamini yale makofi. Tulipokaribia kwenda Tanga kwenye mashindano ya mkoa, nikamfuata mwalimu nikamwambia Mzigua ananichelewesha, nipewe jamaa mwingine, fundi wa smashi kama mimi. Mwalimu akakubali. Tukaenda mafundi wawili, tukatolewa mechi ya kwanza kabisa, seti tatu bila. Kila mtu anataka kumalizia, hakuna wa kuuandaa mpira. Mzigua alikuwa pale pembeni, ametushikia chupa za maji.

Sikumwomba msamaha. Miaka ikapita.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani, nikachukua gari Korogwe mpaka Handeni, kilomita 65 za lami, nikamtafuta. Ana gereji ya pikipiki, ana watoto watatu. Tukapiga stori weee, mwisho nikajikaza: "Kaka, kuhusu ile ya Tanga, nisamehe." Akacheka, akafuta mikono na tambara. "Yalishapita hayo. Ila mimi raketi sijashika tena tangu wiki ile." Akaendelea kufunga cheni ya pikipiki ya mteja. Mimi nikakosa cha kusema.

Ndiyo maana nasema swali la "nani anambeba mwenzake" lina madhara. Siyo utani tu wa mtandaoni. Linaingia kichwani kwa yule anayeshangiliwa, anaanza kumuona mwenzake mzigo. Na yule asiyeshangiliwa anaweka raketi chini, anaondoka kimyakimya.

Na hata kimchezo ni swali la uongo. Olimpiki ya Paris 2024, Hispania waliwaunganisha Rafael Nadal na Carlos Alcaraz kwenye tenisi ya wawili wawili. Nadal ana mataji 22 makubwa, Alcaraz alikuwa ametoka kuchukua Roland Garros na Wimbledon mwaka uleule. Dunia nzima ikajua dhahabu hiyo. Robo fainali wakapigwa 6-2, 6-4 na Wamarekani Austin Krajicek na Rajeev Ram, ambao ukipita nao Manundu sokoni hakuna atakayeomba selfie. Wale jamaa walikuwa wazoefu wa kucheza wawili wawili, na wakaondoka na fedha.

Turudi kwa mastaa wetu. Mnaosema mchekeshaji anabebwa, jiulizeni video za yule msanii zingekuwaje bila jamaa kuzichangamsha. Na mwanamuziki, kama unasoma hapa, mpigie simu mshikaji wako leo. Usisubiri miaka ishirini halafu uanze kumtafuta gereji kwa gereji.

Haya wadau, nani alikuwa Mzigua wako, na uliachana naye vipi? Dondosha komenti hapo chini. Ila tusitukanane.