Baiskeli ya Busia isiishie mpakani

Ukishuka matatu mjini Busia leo, wa kwanza kukuita atakuwa mtu wa pikipiki. Lakini jina la kazi yake, boda boda, halikuletwa na injini. Lilizaliwa hapa mpakani miaka ya 1960, vijana walipovusha abiria na mizigo hadi Uganda kwa baiskeli huku wakiita wateja: "Boda, boda!"

Sasa mwambie rafiki yako unataka kutoka Malaba hadi Timboroa kwa baiskeli. Atakucheka. "Wacha hizo, hiyo ni mambo ya wazungu."

Hapo ndipo tunapojidanganya. Samwel Mwangi alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli Eldoret. Zakayo Nderi alikuwa aking'arisha viatu. Mwaka wa 2008, wawili hao walienda Ufaransa kujipima kwenye Alpe d'Huez, mlima wenye kona 21 unaowatoa jasho magwiji wa Tour de France. Zakayo alifika juu kwa dakika 42 na sekunde 10. Waendeshaji wengi wa kawaida huchukua zaidi ya saa moja. Naye Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi na kunolewa na Mkenya, David Kinjah.

Kwa hivyo miguu tunayo. Milima pia tunayo. Malaba iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Pita Bungoma, Webuye na Eldoret, na ukifika Timboroa umepanda hadi zaidi ya mita 2,700, mwendo wa karibu kilomita 200.

Tusichokuwa nacho ni nafasi barabarani. Njia hiyo hiyo ndiyo ya trela za Kampala, Kigali na Juba. Trela likipiga honi nyuma yako, unarukia changarawe ama unaomba Mungu. Anayeumia zaidi si mtalii. Ni yule kijana wa black mamba aliyebeba gunia la mahindi, na mwanafunzi anayewahi shule. Barabara ikikarabatiwa, njia ya baiskeli iwe ndani ya mkataba tangu mwanzo, isiwe ahadi ya wakati wa kura. Kaunti za Busia na Bungoma zinaweza kuanza na viingilio vya miji.

Na wewe usingoje serikali ndipo uanze. Malaba hadi Busia ni takriban kilomita 30. Tafuta wenzako watatu, mtoke Jumamosi alfajiri, na mrudi kabla ya giza. Bebeni pampu, viraka, maji na kofia ngumu. Mkizoea, ongezeni Bungoma, kisha Webuye. Timboroa haihami.

Na siku utakapompita mzee wa baiskeli akisukuma mzigo wake kilimani, msalimie kwa heshima. Yeye ndiye aliyeanza.